Shemeji kaomba gari la kwenda Pongwe, kalipandisha Lushoto likachemsha, funguo kamtuma mtoto

Wakuu, habari za jioni. Nipo Tanga mjini, ni mwalimu, nina gari, Toyota IST, niliyoinunua kwa mkopo wa saccos na makato bado yanaendelea kwenye mshahara wangu. Hivi ninavyoandika injini imefunguliwa, vipande viko chini gereji huko Ngamiani, na aliyeifikisha hapo yuko kwake anakula na kulala vizuri. Ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu.

Alikuja Ijumaa jioni. "Shem, niazime gari nifike Pongwe mara moja, kuna mzigo nauchukua, saa nne nimerudi." Kutoka kwetu Majani Mapana hadi Pongwe ni pua na mdomo, nikampa. Saa nne ikapita. Simu haipatikani. Jumamosi nzima haipatikani. Gari limerudi Jumapili usiku, tena hakulileta hadi mlangoni: kaliegesha nje ya geti, funguo kampa mtoto wa jirani. "Anko amesema asante." Basi. Hakuna simu, hakuna ujumbe, hakuna "shem, lilinisumbua njiani".

Jumatatu asubuhi natoka kwenda kazini, sijafika mbali gari likakosa nguvu, moshi mweupe unafuka nyuma, taa nyekundu ya joto inawaka. Nikazima hapo hapo, nikampigia fundi, likavutwa.

Fundi kufungua kifuniko cha rejeta, badala ya kulanti (maji maalumu ya kupoza injini) niliyoweka mwenyewe kakuta maji yenye matope. Kachomoa kijiti cha oili, oili imekuwa kama chai ya maziwa. Akaniuliza, "Mwalimu, hili gari lilichemshia wapi?" Nikamjibu halijawahi kuchemsha tangu nilinunue. Akaniita nisogee nitazame. Mpira wa juu wa rejeta ulikuwa umepasuka karibu na klampu, na mtu kaufunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, kakizungusha mara kadhaa na kukikaza kwa waya. Yaani walisimama, wakatafuta tyubu, wakafunga, wakajaza maji, wakaendelea na safari, halafu wakanirudishia gari kimya kimya.

Nikafungua buti. Chini ya kapeti, kwenye shimo la spea, kuna udongo mwekundu na majani ya kabichi yameoza. Pongwe si kwa kabichi. Nikaingia kwenye mfumo wa polisi wa kuangalia madeni ya barabarani, nikaweka namba ya gari: faini ya shilingi 30,000, kosa ni mwendo kasi, mahali Korogwe, siku ni Jumamosi. Hapo ndipo nikajua gari langu lilipita Muheza, Segera, Korogwe, likakunja Mombo na kupanda milima kwenda Lushoto. Kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita 300. Mimi nilitoa gari la kwenda Pongwe.

Nilipompata kwenye simu alinijibu hivi: "Aah shem, lilipandisha joto kidogo tu pale Soni, tukaweka maji likakaa sawa." Nikamuuliza hao "tuka" ni kina nani. Kumbe mlimani hakuendesha yeye. Aliyeshika usukani ni rafiki yake, na leseni ya huyo rafiki imekwisha muda. Simjui, sijawahi kumwona, na kapanda na gari langu kwenye kona za Soni, upande mmoja mwamba na upande mwingine bonde.

Wakuu, gari kuharibika ni kawaida. Mpira wa rejeta ungeweza kupasuka nikiwa naendesha mimi. Nisichoweza kuvumilia ni kuficha, kwa sababu kwenye gari kila kinachofichwa kinazaa gharama. Kichwa cha injini hii ni aluminiamu. Injini ikikosa maji ikachemka, kichwa kinaanza kupinda na gasketi, ile inayoziba kati ya kichwa na injini, inaungua. Ukiimwagia maji ya baridi ikiwa bado ya moto unazidi kuiumiza. Kitu cha kufanya ni kusimama, kuzima, kuacha ipoe kabisa bila kugusa kifuniko cha rejeta, na kumpigia mwenye gari. Fundi kaniambia wangesimama pale pale na kubadilisha mpira, huenda ningelipia mpira na kulanti tu. Na hata baada ya hapo, shemeji angesema ukweli Jumapili usiku, mimi Jumatatu nisingewasha. Ningeita fundi kwanza. Nimeiwasha kwa sababu nilirudishiwa gari kama gari zima, na mimi ndiye niliyemalizia kuiua bila kujua. Sasa kichwa kimepinda kupita kiasi cha kuskimu (kukwanguliwa kwa mashine kinyooke), inabidi kingine, na gasketi, na oili, na ufundi. Hesabu inakaribia laki tisa.

Faini nayo ni hivyo hivyo. Ile faini inaifuata namba ya gari, haimfuati aliyekuwa anakanyaga mafuta, na usipoilipa kwa wakati inaongezeka. Kama nisingeangalia, siku nikisimamishwa njiani ndipo ningeambiwa nina deni, nikiwa hata sijui nilifika lini Korogwe.

Kuna wenzangu kazini wamenishauri nikadai bima. Naomba wenye magari mnielewe hapa, maana wengi hatujui tunachokilipia. Bima ndogo, ile ya 118,000 kwa mwaka pamoja na VAT, inamlipa mtu wa nje uliyemgonga au uliyemharibia mali. Gari lako wewe haihusiki nalo. Hata bima kubwa inashughulika na ajali, wizi na moto, injini iliyochemka kwa kukosa maji ni mzigo wako. Na kama wale wangemgonga mtu pale mlimani, mwenye leseni iliyokwisha ndiye yuko kwenye usukani, bima ingekuwa na sababu ya kukwepa, na mimi niliye Tanga ndiye ningetafutwa. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, haimbani anayeendesha bila bima peke yake, inambana na anayeruhusu. Mimi nilimruhusu shemeji. Huyo mwingine alipewa ruhusa na nani?

Na shemeji si wa kwanza. Kuna shoga yangu alilichukua kwa ajili ya harusi, likarudi na gundi za maua kwenye boneti na taa ya mafuta inawaka. Anayerudisha gari na taa inawaka ajue pampu ya mafuta iko ndani ya tenki na inapoozwa na hayo mafuta, kuzoea kuendesha tenki likiwa kavu ni kuiua. Binamu wa mume wangu alipakia machungwa ya Muheza, magunia, kwenye gari la watu watano, shokapu za nyuma zikaanza kuvuja. Nikiuliza najibiwa "mbona nililikuta hivyo".

Mama mkwe kanipigia. Namheshimu sana, hilo mnielewe. Kasema, "Mwanangu, gari ni chuma, chuma kinatengenezwa, usivunje undugu kwa chuma." Nimemwambia, "Mama, shikamoo, lakini aliyevunja ni aliyemtuma mtoto funguo." Hakunijibu. Na kwa nini undugu ukumbukwe siku ya kudai tu? Siku ya kuzima simu Jumamosi nzima undugu ulikuwa wapi?

Sisemi watu wasiazimane. Usiku wa manane ukiwa na mgonjwa wa kupeleka hospitali ya Bombo, usipige hata simu, gonga mlango, nitaamka nikuendeshe mwenyewe, na mtaani wanajua nimeshafanya hivyo. Mwenye msiba naye sina neno naye. Ninaowakataa ni wale wanaolitaja gari lako kama vile limeokotwa, "si lipo tu limepaki", wakati limepaki kwa sababu mwenye nalo anabana mafuta ili afikishe mwisho wa mwezi.

Kuanzia sasa halitoki. Anayetaka kwenda nampeleka mimi nikiwa na nafasi, mafuta yake.

Shemeji nimemtumia picha za hesabu ya fundi na ile faini. Faini kailipa siku ile ile bila ubishi, kwa hiyo anajua kabisa alichokifanya. La injini kanyamaza, ujumbe unaonyesha kasoma. Mume wangu yuko upande wangu ila anataka tungoje shemeji auze mzigo wake. Mimi sina gari la kwendea kazini, na saccos wanakata kama kawaida.

Naomba mliowahi kumdai ndugu hela ya kutengeneza gari mkalipwa mniambie mlianzia wapi: kwa wazee wa ukoo au kwa mwenyekiti wa mtaa, na kama mliandikishana kwa maandishi mbele ya mashahidi. Wale wa "samehe tu, ni ndugu", leo mnipishe.