Tupeane uzoefu: umri unakwenda, tubane hadi lini na tule jasho letu lini?

Mwalimu wa Mwanga (mwanzisha mada)

Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Mimi ni mwalimu, nina miaka 58, naishi Mwanga hapa Kigoma mjini. Miaka miwili ijayo nagonga 60, kustaafu kwa lazima. Sikuja kuuliza mstaafu afanye biashara gani, mada za hivyo zimejaa. Nina swali ambalo silisikii likiulizwa: mtu aliyebana matumizi maisha yake yote ya kazi, anajifunzaje kutumia?

Tumesomesha watoto wanne kwa mshahara wa ualimu na kibanda cha mke wangu. Nyumba tumeijenga kidogo kidogo, mwaka huu msingi, mwaka kesho lenta. Kubana kule kulikuwa sahihi, ningerudi nyuma ningebana vilevile. Lakini sasa watoto wana kazi zao, nyumba imekwisha, na bado nikisimama mbele ya migebuka mikubwa, samaki wa ziwa letu, sokoni naishia kununua fungu la wadogo. Juzi mke wangu aliniambia kwamba tangu tuoane hatujawahi kusafiri pamoja ila kwenda msibani au harusini. Hakusema kwa ugomvi. Ndiyo maana limenikaa.

Kwa hesabu sitalala njaa. Kikotoo cha Julai 2022, yaani kanuni ya kukokotoa mafao, kilishusha mkupuo, ile hela ya mara moja unapostaafu, hadi asilimia 33, halafu bajeti ya 2024/25 ikaupandisha hadi 40 kwa sisi ambao zamani mkupuo wetu ulikuwa asilimia 50. Inayobaki inakuja kama pensheni ya kila mwezi. Kwa hiyo siulizi kama ipo. Nauliza mtu ajiruhusu kula kiasi gani asije akaumbuka akiwa na miaka 80. Mliotangulia, simulieni mlichofanya wenyewe.

Mstaafu wa Reli

Mwangaluka mwalimu. Niko Cheyo, Tabora. Nilikuwa karakana ya reli, nimetoka 2016.

Kwanza nikuonye, kwa sababu nimezika marafiki. Mwaka ule tulitoka kundi zima. Mmoja alinunua basi dogo kabla hata hajarudisha sare za kazi. Mwingine akajenga nyumba kubwa kijijini, hadi leo wanalala popo. Hao hawakula hela zao, ziliwatoka tu, na hawakuonja hata soda ya raha. Watu wanachanganya kufuja na kufaidi. Kufaidi kunahitaji utulivu.

Mimi mkupuo ulipoingia niliuacha benki miezi sita bila kuugusa, wala sikutangaza. Kisha sehemu kubwa nikaiweka hatifungani za serikali, yaani unaikopesha serikali nayo inakulipa riba, zile za miaka mingi. Kima cha chini ni shilingi milioni moja, na riba inaingia kila baada ya miezi sita. Sehemu ndogo nikaiweka mfuko wa Ukwasi wa UTT, ile taasisi ya uwekezaji wa pamoja, kwa ajili ya dharura, maana kule ukiomba hela yako haichukui siku nyingi kukufikia. Pensheni ya mwezi ndiyo chakula, umeme na dawa.

Sasa sikiliza, hapa ndipo penye jibu lako. Riba ya hatifungani nimeigawa. Theluthi narudisha kuwekeza, kwa sababu riba ile haipandi ilhali sukari inapanda kila mwaka, na ukiila yote utakuja kulia miaka kumi mbele. Theluthi mbili ni za kula. Na nikisema za kula, ni za kula kweli. Hazikopeshwi, hazichangii harusi ya mtu, hazinunui mabati. Zikibaki bila kuliwa hadi riba nyingine inaingia, mama watoto ana haki ya kuzichukua zote. Tulikubaliana hivyo na inafanya kazi vizuri sana, maana inanilazimu kufikiria raha mapema.

Tulipanda basi hadi Dodoma, pale tukachukua treni ya umeme kwenda Dar es Salaam. Safari za Dodoma zilianza 2024. Mimi nimefanya kazi kwenye reli ya upana wa milimita 1,000, hii mpya ni 1,435, na inakwenda kilomita 160 kwa saa. Nilishika dirisha njia nzima. Mke wangu ananiuliza unatazama nini huko nje, namwambia natazama mataruma, yale yanayobeba reli, ni ya zege yote. Nilifurahi kuliko siku niliyopokea hundi. Na reli hiyo hiyo inajengwa kutoka Tabora kuja huko kwenu Kigoma, Mungu atupe uhai.

Mama Mawese wa Kibirizi

Nyie wenye mafao mna maswali mazuri. Sisi wa mwaloni, kwenye soko la samaki ufukweni, hakuna mkupuo, hakuna 60. Nina miaka 63 na kesho alfajiri niko sokoni. Lakini nina cha kukuambia, mwalimu.

Dagaa wanavuliwa kwenye giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa za wavuvi hazivuti kitu, mitumbwi inapumzika, na mfuko wako unapumzika nao. Kwa hiyo mwanamke wa mwaloni anajifunza mapema kwamba hela ya giza lazima ivuke mbalamwezi. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi, tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, kuna wenzangu waliuza hadi vitanda. Mimi nilikuwa na madumu ya mawese. Nanunua mawese chikichi zikiwa nyingi na bei iko chini, nayaweka, natoa yakiadimika. Hayo madumu ndiyo pensheni yangu, sikopeshi mtu hata akilia.

Kula sasa. Mimi sijawahi kungoja nizeeke ndipo nile. Kila giza likiisha nikishapiga hesabu, natoa hela ya kitu kimoja changu, kabla ya kusikiliza shida ya mtu yeyote. Kitenge cha Kongo kile kizito, nakishona wiki hiyo hiyo, sikiweki sandukuni. Au samaki wa kuhe mbichi mzima, namkaanga kwa mawese, nakula na mabinti zangu hadi tunalamba vidole. Giza likiwa baya nanunua sabuni ya harufu nzuri, basi. Kiasi kinabadilika ila zamu hairukwi. Marehemu mama yangu aliacha sanduku la vitenge havijaguswa, tukagawana sisi na wifi zetu siku ya tanga. Nilivaa changu nikiwa na uchungu, kwa sababu rangi ile ingempendeza yeye.

Wewe mwalimu mkono umeganda kwa sababu unangoja tarehe. Anza mwezi huu na mgebuka.

Mkulima wa Kaliua

Kwetu ni kinyume. Hela ya tumbaku inakuja kwa mwaka mara moja, ikipita chama cha msingi cha ushirika na kukatwa pembejeo. Masoko yakifunguliwa utaona pikipiki mpya, muziki, nyama choma hadi usiku wa manane. Kufika masika watu hao hao wanakopa debe la mahindi kwa riba ya kuua. Kwa hiyo mwenzenu kazi yangu haikuwa kujifunza kutumia, ilikuwa kusambaza raha kwenye miezi kumi na miwili.

Nilichofanya ni mizinga. Asali ya porini huku kwetu inaleta hela wakati tumbaku hailipi, na hiyo nimeiita hela ya nyumbani. Kutoka humo nilinunua godoro zuri. Nina miaka 54, mgongo umebeba matumbaku tangu ujana, nikaona kama kuna kitu kimoja cha gharama ambacho mkulima anastahili ni mahali pa kulala. Siongezi neno.

Binti wa Kasulu

Shikamooni wote. Mimi ni mtoto upande wa pili wa mada hii. Baba yangu ana miaka 74, alilima maharage na kahawa kidogo, ana akiba nzuri tu. Alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Ilifika hatua anamtambua mtu kwa sauti. Upasuaji wenyewe si mkubwa, wanatia ganzi jicho, muda mfupi umekwisha. Sisi watoto tukasema tutalipa, akakataa. Tukasema basi lipa mwenyewe, akakataa pia. Kaka zangu wakaanza kumuita mchoyo, nyumba ikawa haina amani.

Nikapanda basi kutoka Dar hadi Kasulu, nikakaa naye barazani jioni nzima bila kutaja macho. Nikamuuliza tu, baba, ile hela ni ya nini? Akasema ni ya kunizika. Akaniambia baba yake mzazi alizikwa kwa kuchangisha, jeneza likakopwa, na aliyekopesha akaja kudai siku ya matanga mbele ya watu. Yeye alikuwa kijana wa miaka kumi na sita. Tangu siku hiyo akaapa.

Hakuwa mchoyo hata kidogo. Alikuwa analinda heshima yake na yetu, na hakuna kati yetu aliyewahi kumuuliza.

Tukamwingiza kwenye chama cha kuzikana cha kijiji, sisi watoto tunalipa michango. Tukaita mzee wa kanisa na jirani wawili, tukaandika na kusaini kwamba mazishi yake ni juu yetu, bila mchango wa nje. Karatasi ile anayo. Hakupita hata mwezi akasema nipelekeni. Jicho la kwanza lilipofunguliwa alianza kutaja rangi za nguo za watu wodini. Krismasi iliyopita alinunua mbuzi kwa hela yake, bila kuambiwa na mtu, akasimamia uchomaji mwenyewe.

Naomba wenye wazee wagumu wa kutumia msianze na lawama. Ulizeni hela ile inalinda nini. Mkikipata, mkilinde nyie, mtaona mkono unafunguka.

Mwalimu wa Mwanga

Binti, nimesoma nikaita mke wangu naye asome. Tumekaa tukajiuliza yetu inalinda nini. Kwangu ni maradhi. Mama aliugua muda mrefu, na kila safari ya hospitali tuliuza kitu. Nimekuwa nikijiwekea hela ya ugonjwa ambao haujaja, na kiasi chake hakina mwisho kwa sababu sijawahi kukikadiria.

Nesi Mstaafu, Gungu

Mwalimu, kadirio lianze na kadi. Mimi na mume wangu kadi zetu za bima ya afya ziliendelea nilipostaafu, lakini tulihangaika kwa sababu jina la mume kwenye cheti cha ndoa na kwenye kitambulisho yalitofautiana herufi. Safisha karatasi zako leo ukiwa bado kazini. Kisha tenga akiba ya nauli na kulala, maana rufaa ikitoka hapa kwetu safari ni ndefu na bima hailipi chakula cha anayekuuguza. Ukishaijua hiyo, iandike, ijaze, ifunge. Inayobaki si ya ugonjwa tena.

Na nisikilize jambo la miguu. Nimefanya kazi wodini miaka mingi, nimewaona watu wenye hela na magoti yaliyokwisha. Jane Goodall, yule mtafiti Mwingereza, aliingia Gombe, hifadhi yetu ya kando ya ziwa, Julai 1960 kusoma sokwe, dunia nzima inaijua Gombe, na mimi niliyezaliwa umbali wa safari ya boti sikuwa nimekanyaga. Nilipotimiza 61 nikasema sasa. Tulipanda boti Kibirizi, tukalipa kiingilio cha Watanzania, ambacho ni kidogo sana ukilinganisha na cha wageni. Mlima wake ni wa kweli, unashika mizizi. Tulifika maporomoko ya Kakombe, nikakaa juu ya jiwe nikahema. Baadaye sokwe jike akapita na mtoto mgongoni, karibu kabisa, wala hakutujali. Nililia. Mume wangu, ambaye alisema hiyo ni hela ya kutupa, ndiye sasa anasimulia kila mgeni anayeingia nyumbani.

Ningengoja hadi 70 hela ingekuwepo na mlima nisingeuweza. Vitu vya miguu vitangulie, vya kukaa vitafuata.

Mzee wa Ujiji

Nyote mmesema vizuri, mimi nina langu. Si kila raha ni safari. Nina miaka 71, raha yangu ni kahawa barazani baada ya alasiri, bao, na kumlipia mjukuu ada. Mtu asinilazimishe kupanda milima nionekane nafaidi. Ninachokataa ni mjukuu kuwa kisingizio. Nimeona wazee wanajinyima hadi viatu wakisema ni kwa ajili ya wajukuu, na wajukuu wenyewe wanaona aibu babu anavyotembea. Nunua viatu kwanza, kisha lipa ada.

Mstaafu wa Reli

Hapo mzee umenyoosha.

Mwalimu wa Mwanga

Nimewasoma wote, na Mama Mawese ajue jana mgebuka mkubwa ulinunuliwa. Mke wangu kachagua Gombe kabla ya Dodoma, anasema treni inaweza kungoja magoti hayangoji. Nesi, mwezi gani ni mzuri?

Nesi Mstaafu, Gungu

Kiangazi, Julai hadi Oktoba, njia hazitelezi na sokwe wanaonekana kwa urahisi zaidi. Shule zikifungwa ndipo mwende, uwe huna madaftari ya kusahihisha. Pitieni kwanza ofisi ya hifadhi hapa mjini wawape kiingilio cha sasa na hela ya mwongozaji, mpige hesabu kamili. Viatu vya kamba, si kandambili. Mkiwa na mafua msiende, sokwe wanaambukizwa na sisi. Na tarehe aichague mama.