Tupeane uzoefu: mtoto mwenye aleji ya mayai na chanjo ya surua

Wadau wa Tanga, bado wapo wazazi wanaoiruka chanjo ya surua-rubella ya miezi 9 kwa kuwa mtoto anadhurika na mayai. Mnaoijua kazi hii wekeni maelezo, na vipimo.

Muuguzi, Ngamiani
Achanjwe. Kirusi cha surua hukuzwa kwenye seli za kiinitete cha kuku, na protini ya yai inayobaki ni chembe tu. Hata aliyewahi kuvimba midomo kwa yai hupewa dozi kamili, mililita 0.5, bila kupimwa ngozi. BCG (ya kifua kikuu), polio, pentavalenti (ya magonjwa matano) na rota (ya kuhara) hazina yai kabisa. Akidhurika vibaya na chanjo ya surua, mshukiwa wa kwanza ni jelatini au neomaisini zilizomo ndani yake. Kwa hiyo ulizeni: amewahi kupata mzio (aleji) mkali baada ya chanjo yoyote? Kama ndiyo, aonwe na daktari kwanza.

Tabibu, Pongwe
Naunga mkono, ila adrenalini, sindano ya kuokoa mwenye mzio mkali, iwe mezani kabla kichupa hakijafunguliwa. Ya 1:1000, mililita 0.01 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 9 anapata 0.09. Tumieni sirinji ya mililita 1, kubwa zaidi haisomi kiasi hicho. Ichomwe msuli wa paja, katikati kwa nje. Chini ya ngozi inachelewa kufika kwenye damu. Mlazeni, miguu juu, ila anayehema kwa shida akae. Dakika 5 bila nafuu, rudieni. Kuanza na piriton ni kosa linaloua: inatuliza mwasho, haifungui pumzi. Na tafadhali mama asiwahi bodaboda, asubiri dakika 30.

Mfamasia, Chumbageni
Homa ya manjano ni habari nyingine. Chanjo yake hukuzwa ndani ya yai lenyewe, hivyo mtoto huyu amwone daktari kwanza. Kadi ya njano, cheti cha chanjo hii kwa wasafiri, huanza kutumika siku 10 baada ya sindano. Msingoje wiki ya safari.

Afisa lishe, Makorora
Kwenye kadi ya kliniki, "aleji ya mayai" peke yake haitoshi. Andikeni alikula nini, kiasi gani, na baada ya dakika ngapi vipele vilitoka. Mzio huu kwa kawaida hujitokeza ndani ya saa 2. Kama mkate wa mayai haumdhuru ila yai la kuchemsha linamdhuru, andikeni pia, maana kuokwa pamoja na unga hubadili protini. Yai la kienyeji halina nafuu yoyote. Homa na vipele vya siku ya 7 hadi 12 baada ya sindano hutokana na chanjo yenyewe kufanya kazi, msivihesabu kuwa mzio wa yai.