Boxer 150: spika gani zitahimili chumvi na mvua ya Malindi?

boda_barani: Salaam wazee, naomba msaada. Nina pikipiki ya Boxer 150, napiga Malindi-Gede-Watamu kila siku na abiria wangu wanapenda mziki. Mwaka jana fundi mmoja alinifungia spika mbili, hazikumaliza miezi minne, masika ilipoingia karatasi ya spika ikavimba zikaanza kukwaruza, na betri nayo kila asubuhi selfu haishiki napiga kiki tu. Sasa nimeweka elfu nane. Kuna seti ya kufunga kwa usukani imeandikwa wati 600, na kuna amp ndogo (kikuza sauti) ya wati 50 mara mbili, spika zake kando. Nichukue gani? Sitaki kutupa pesa tena.

waya_mwekundu: Hiyo 600 usiiangalie kaka. Betri ni ya 12V, wati 600 ni ampea 50, Boxer itazitoa wapi? Tafuta palipoandikwa RMS, hiyo ndio nguvu yenyewe. Amp ya 50 mara mbili, kama ni klasi D (aina isiyopoteza umeme mwingi), ukifungua mpaka mwisho inakula kama ampea 10, na mziki wa kawaida ni chini sana ya hapo. Lakini kabla hujanunua chochote pima chaji kwa mita, injini ikivuma vizuri betri isome kati ya volti 13.5 na 14.5, kisha washa taa zote, ikishuka chini ya 13 tengeneza chaji kwanza mziki baadaye. Na pale steji injini ikiwa imezimwa usiache redio ikiimba, betri ya ampea 9 kwa saa ukiivuta ampea 5 haifiki masaa mawili. Naona hiyo ndio iliyokuulia selfu.

nahodha_mambrui: Mimi nafunga redio za maboti, nikwambie chumvi haina huruma. Chukua spika za baharini, koni ya plastiki, za ohm 4 kama amp yako inakubali, na ziwe IPX5 kwenda juu, hiyo inahimili maji ya kurushwa. Waya uwe wa shaba yote, unene wa milimita mraba 2.5. Madukani kuna waya wa alumini umepakwa shaba juu, kwa macho hutaujua, kwaruza uzi mmoja kwa wembe, ukiona mweupe ndani rudisha. Viungo vyote lehemu kisha vika mpira, usizungushe selotepu peke yake, upepo wa kusi ukipiga wiki mbili tu utakuta kutu ya kijani.

boda_barani: Shukran sana. Fyuzi je? Yule wa kwanza hakuweka kabisa.

waya_mwekundu: Hakuweka?? Hiyo ni hatari kaka, waya ukichubuka chini ya tenki unaungua na petroli iko hapo hapo juu. Fyuzi ya ampea 15 kwenye waya wa pozitivu, isipite shibiri moja kutoka kwa betri. Negativu ipeleke kwenye betri yenyewe usiifunge kwa fremu, kutu itakusumbua. Na amp iwake kwa relei (swichi inayowashwa kwa umeme) kupitia swichi ya funguo, ukichomoa funguo kila kitu kinalala.

boda_barani: Nimetoka kufungua kiti saa hii. Nimekwaruza ule waya wa zamani kwa wembe, mweupe kama fedha, na pale kwa betri umeshika kijani mpaka unavunjika mkononi. Nang'oa wote. Nachukua ile amp ndogo na spika za baharini, nikibakiwa na kitu nanunua mita.