Ushauri: dada yangu amejiona ndani ya riwaya yangu, sasa hataki kunisemesha

BintiWaUkungu (Nakuru)
Hamjambo wadau. Kwetu ni Bungoma ila naishi Nakuru. Mwaka wa pili huu naandika riwaya ya vijana, ya giza na ya kutisha: jumba la mawe ukingoni mwa shimo linalofuka moshi, kila kizazi kinatoa binti mmoja kwa Wazee wa Ukungu, na ndugu wawili, Nasimiyu na mdogo wake Nekesa, wanaapa kwamba safari hii hatolewi mtu. Sura ya 19, Nekesa anamuuza dada yake ili apone yeye.

Mdogo wangu alikuja kunitembelea, stima ikapotea, nikawasha mshumaa nikamsomea sura hiyo. Alinyamaza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwa hiyo mimi ndiye Nekesa?" Asubuhi akarudi Kisumu. Wiki ya tatu hii hapokei simu.

Niifute? Bila hiyo sina kitabu. Pia rafiki mmoja ananiambia jumba langu ni la Kizungu mno, eti hata theluji imo.

JaKendu
Theluji Nakuru? Uliionea wapi, ndani ya friji? Toa hiyo kitu.
Huku Kendu Bay tuna Simbi Nyaima. Tulisimuliwa tukiwa watoto: bikizee alifika kijijini watu wakiwa kwenye sherehe, wakamfukuza, mama mmoja tu akampokea. Usiku huo mvua ikashuka, kijiji kikazama chote, likabaki ziwa la kijani lenye maji ya chumvi. Mimi hayakunitisha maji. Alinitisha yule mama aliyepona. Je, alikuwa na dada yake mle ndani? Alimuaga?

MzeeWaBonde
Hilo shimo ni Menengai, kreta ya volkano hapo Nakuru, usitufiche. Wazee hulitafsiri jina hilo kuwa mahali pa maiti, kwa sababu ya Wamaasai waliosukumwa humo vitani karne ya 19. Na mapangoni mle watu wanakesha wakiomba hadi leo. Wapitishe mabinti hapo usiku, wasikie nyimbo zikitoka mwambani wasijue waimbaji ni wazima au wafu. Jumba utalisahau.

Kerubo_K
Mimi uasi wenyewe ndio unaonisumbua. Kuapa ni rahisi. Kisii mwaka 1908 Moraa, nabii wa kike, aliwachochea vijana, Otenyo akamchoma mkuki Northcote, afisa wa Kiingereza. Mzungu akapona. Wanakijiji ndio waliochomewa nyumba na kunyang'anywa ng'ombe. Mabinti wako wakiasi, ni nyumba ya nani itakayochomwa? Labda huyo msaliti aliliona hilo mapema. Mpe hoja, asiwe mwoga tu.

Fundi_wa_Kejeli
Mimi nangoja filamu.

MulembeK
Dada, wewe mtu wa Bungoma uliwapa majina hayo bila kufikiri? Kwa Wabukusu, Nasimiyu ni aliyezaliwa kiangazi, Nekesa ni wa wakati wa mavuno. Mmoja kazaliwa ghala tupu, mwingine limejaa. Aliyeonja njaa kwanza ndiye angemuuza mwenzake. Ningekuwa wewe ningegeuza: mkubwa ndiye amuuze mdogo.
Halafu swali, usikasirike. Huyo mdogo wako aliwahi kukufanyia nini hasa?

BintiWaUkungu (Nakuru)
MulembeK, nimesoma swali lako jana nikafunga simu.
Hajawahi kunifanyia kitu. Redio ya baba niliivunja mimi, nikasema ni yeye. Alikuwa na miaka saba, na alichapwa mbele ya wageni. Hatujawahi kuizungumzia. Nilipokuwa nikiandika sura ya 19 wala sikuikumbuka, naapa.

MulembeK
Yeye aliikumbuka. Usipige simu tena, nenda.

BintiWaUkungu (Nakuru)
Jumamosi napanda matatu ya alfajiri kwenda Kisumu. Sura nimeigeuza, nitaibeba, ila sitaisoma mpaka aniombe mwenyewe. JaKendu, theluji nimeitoa.