Mchezaji wa ridhaa wa kriketi enzi za Malkia Victoria aliishi kwa fedha gani?

Msomaji wa Chumbageni

Ndugu zangu, salaam. Katika kusoma habari za kriketi ya Uingereza ya karne ya 19 nimekutana na jambo linalonitatiza. Wachezaji waligawanywa makundi mawili, yaani Waungwana waliocheza kwa ridhaa na wale wa kulipwa, na tangu mwaka 1806 makundi hayo yalikuwa na pambano lao maalumu. Mechi kubwa ilichukua siku tatu, na msimu ulianza Mei ukaisha karibu na Septemba. Mtu asiyepokea mshahara, anayeshinda uwanjani miezi yote hiyo, alikula nini? Au wote walikuwa na mali ya urithi?

Mzee wa Ngamiani

Wengine walikuwa nayo, lakini si wote, na aliye maarufu kuliko wote hakuwa nayo. W. G. Grace, aliyezaliwa karibu na Bristol mwaka 1848, alikuwa mtoto wa daktari, na yeye mwenyewe hakufuzu udaktari hadi mwaka 1879, kwa sababu kriketi ilimla muda. Hata hivyo, alipoongoza timu kwenda Australia mwaka 1873, safari iliyokuwa pia fungate yake, alilipwa pauni 1,500 pamoja na gharama zote, ilhali wachezaji wa kulipwa aliosafiri nao walipata chini ya pauni 200 kila mmoja na wakawekwa daraja la pili melini. Mwaka 1895, akiwa na umri wa miaka 46, alifikisha mikimbio (alama za kriketi) 1,000 ndani ya mwezi Mei peke yake, na michango ya wananchi ikamletea zaidi ya pauni 9,000.

Njia nyingine ilikuwa cheo cha ofisini. Walter Read, aliyekuwa mwalimu wa shule, alipewa ukatibu msaidizi wa klabu ya Surrey mwaka 1881 ili aweze kucheza msimu mzima. Sisi tuliokuwepo enzi za ridhaa katika soka letu, mchezaji alipoandikwa kuwa mfanyakazi wa bandari au reli, hatuna haja ya kuelezwa zaidi.

Kilichowaudhi wenzao kilidhihirika mwaka 1896, wachezaji watano wa kulipwa walipodai pauni 20 badala ya 10 kwa mechi ya Uingereza dhidi ya Australia uwanjani Oval. Magazeti yakauliza Waungwana wanapata nini, nayo Surrey, kwa kujitetea, ikatangaza kwamba Grace hupewa pauni 10 tu za nauli na malazi. Utetezi huo ulikuwa mbaya kuliko tuhuma!

Jirani wa Raskazone

Shikamoo Mzee. Nakubaliana nawe kuhusu Grace, ila tusiwahukumu wote kwa kipimo chake. Lord Hawke, Mwungwana aliyekuwa nahodha wa klabu ya Yorkshire tangu mwaka 1883 hadi 1910, aliwawekea wachezaji wake wa kulipwa ujira wa majira ya baridi, wakati ambao wengi wao walikuwa hawana kazi. Ingawa ni yeye pia aliyemfukuza Bobby Peel mwaka 1897 kwa ulevi.

Yupo pia Ranjitsinhji, ambaye sisi watu wa pwani tungepaswa kumjua zaidi, kwa kuwa alitoka Kathiawar, magharibi mwa India, kulikotoka mababu wa baadhi ya familia za wafanyabiashara wa hapa Tanga. Mwaka 1896, katika mechi yake ya kwanza ya kimataifa, akiichezea Uingereza, alipata mikimbio 62 na 154 bila kutolewa. Aliishi kama mwanamfalme huku akiandamwa na madeni, mpaka alipopata kiti cha utawala wa Nawanagar, dola ya kifalme huko Kathiawar, mwaka 1907.

Msomaji wa Chumbageni

Nashukuru sana. Basi kama fedha haikuwa mpaka wa kweli baina ya makundi haya, mpaka ulikuwa upi?

Mzee wa Ngamiani

Ulikuwa nasaba, shule na unahodha. Waungwana walikuwa na chumba chao cha kubadilishia nguo na lango lao la kuingilia uwanjani, na katika orodha za mechi majina yao yaliandikwa kwa namna ya heshima, tofauti na ya wenzao. Yorkshire yenyewe, kabla ya Hawke, iliongozwa na Tom Emmett, mchezaji wa kulipwa. Ila kijana wa Chuo Kikuu cha Cambridge, yaani Hawke huyo, alipopatikana, Emmett akampisha. Mgawanyo huo ulifutwa rasmi mwishoni mwa mwaka 1962.