Mjadala: Falaji za Oman zifufuliwe kwa simenti na pampu?

Hoja: Falaji ni mifereji ya kale inayoleta maji bustanini na majumbani, na watu hugawana maji hayo kwa zamu. Falaji tano za Oman, ikiwemo Falaji Daris ya mji wa Nizwa, ziliingia Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Nyingine nyingi zinavuja au zimekauka. Wapo wanaotaka zisakafiwe kwa simenti na kuongezewa maji kwa pampu. Wapo wanaotaka saruj ya kale tu, yaani plasta ya udongo uliochomwa na chokaa, siyo saruji ya dukani. Mnasemaje?

Mtetezi wa simenti: Mfereji wa udongo unakunywa maji njiani, mwenye zamu ya mwisho anaambulia matope. Saruj inataka udongo uchomwe siku kadhaa, usagwe, uchekechwe, ndipo uchanganywe na chokaa. Mafundi wake ni wachache na mitende haisubiri.

Fundi chokaa: Ndugu yangu, la mafundi nakubali. Ila simenti unaipiga wapi? Falaji ya aina iitwayo Daudi ni handaki, na kipande cha juu, kuanzia kisima mama, yaani kisima cha kwanza kwenye chanzo, ndicho kinachokusanya maji yanayochuruzika kutoka kuta zake. Ukikisakafia, umeziba chanzo chako. Kipande kikavu cha chini kinaweza kuzibwa, lakini simenti ni ngumu mno: mzizi wa mtende ukiisukuma inapasuka, maji yanapita chini yake na kuchukua udongo. Juu unaona mfereji mzima, chini ni shimo, mpaka siku inaporomoka. Chokaa inafuata ardhi, na ufa wake unapakwa upya.

Pampu ndiyo mbaya zaidi. Kisima kirefu karibu na kisima mama kinashusha maji chini ya sakafu ya handaki, falaji inakauka bila kubomoka popote. Wala usichimbue sakafu. Mteremko ni kama mita moja kwa kilomita. Ukishusha sakafu ya kichwa cha handaki mita moja, maji yatasimama njiani au yatatokea chini kuliko bustani. Refusheni handaki kuelekea mlimani, mfunge visima vya jirani.

Mtetezi wa simenti: Na mwaka wa ukame?

Mjuzi wa zamu: Pampu iwe ya dharura, mbali na kisima mama, izimwe falaji ikirudi. Zamu huhesabiwa kwa athar, kama nusu saa, na baadhi ni mali ya falaji yenyewe: hunadiwa kulipia usafishaji. Maji ya pampu yakizoeleka, mnada unakosa wateja na tope halina wa kulitoa. Tena yamwagwe chini ya pale watu wanapoteka ya kunywa, maana visima vya bondeni mara nyingi vina chumvi.