Naomba ushauri: taa za LED za bluu zinafuta uso wa mwimbaji
Wakuu, naomba msaada kwa picha za jukwaani, RAW (faili ghafi za kamera), ISO 3200, f/2.8, 1/250. Taa za bluu zikimpiga mwimbaji, shavu lote linakuwa bapa kama limepakwa rangi ya ukuta. Jasho na mikunjo havionekani. Histogramu (grafu ya mwangaza wa picha) ya jumla iko salama, lakini ukitenganisha chaneli za rangi (nyekundu, kijani, bluu), bluu imegonga mwisho wa kulia, yaani imejaa kupita kiasi, na nyekundu iko karibu na sifuri. Ndiyo maana mizani ya weupe (kusawazisha rangi kulingana na mwanga) haifui dafu: taa hizo hutoa mwanga wa takriban nanomita 450 pekee, hivyo hakuna nyekundu ya kurudisha. Ukivuta Kelvini (kipimo cha mizani hiyo) hadi 50000 unaambulia chenga tu, yaani punjepunje kwenye picha.

Kushusha mwangaza stopu 1 (yaani kwa nusu) na ukolezi wa bluu hadi -40 kumerudisha umbo la pua na taya kidogo. Nyeusi na nyeupe kutoka chaneli ya kijani inatoa ngozi safi kabisa, ila mteja anataka rangi.

Kuna anayetumia profaili ya DCP (faili inayoielekeza programu jinsi ya kutafsiri rangi za kamera) iliyopunguzwa bluu? Na kwenye kichanganya chaneli, niazime asilimia ngapi ya kijani kuipa nyekundu kabla chenga hazijaharibu macho?